Mbwa, Baiskeli na Makubazi ya Mume Wangu

Katika msafara wa baiskeli wa kutoka Pangani, mimi ndiye niliyefika mjini wa mwisho. Nilifika nyuma ya bibi mmoja mwenye wajukuu chuo kikuu, nyuma ya mama aliyepasukiwa tairi njiani, nyuma hata ya lori lililokuwa likifuata kuokota waliochoka. Wenzangu wananitania mpaka leo, nami nawaacha watanie. Miguu nilikuwa nayo, pumzi nilikuwa nayo, na baiskeli yangu, baada ya yote yaliyoipata, ilikuwa inateleza vizuri. Nilichelewa kwa sababu ya mbwa.

Na huyo mbwa siwezi kumweleza bila kuanza na mume wangu.

Kiharusi kilimpata asubuhi akiwa anafua nazi nyuma ya nyumba. Hakikuwa kile kikubwa cha kumlaza mtu moja kwa moja. Kilimchukua upande wa kushoto, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo, kisha ukarudi. Hospitali wakamtibu, wakamfundisha mazoezi ya viungo, wakamrudisha nyumbani na fimbo ya kutembelea na agizo moja: atembee. Kila siku atembee, maana mguu ukikaa bure unasahau kazi.

"Nitembee nakwenda wapi?" akaniuliza.

Swali hilo lilinikata maini, kwa sababu nilijua pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa msikitini. Msikiti wetu uko kando ya barabara ya Pangani, mwendo mfupi kutoka nyumbani, na nafasi yake katika safu ya mbele ilikuwa inajulikana. Alipougua, jirani akaja kumtaka ampakie kwenye bajaji yake. Mwingine akasema atamshika mkono kwenda na kurudi. Akawashukuru wote, akawakatalia wote.

"Msikitini nitakwenda kwa miguu yangu," alisema, "au nitaswali hapa hapa."

Basi akawa anaswali chumbani, kwenye kiti cha plastiki, huku adhana inaingia dirishani. Siku ya Ijumaa alikuwa hasemi na mtu mpaka alasiri. Watu walidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai, nimeishi nacho miaka mingi. Lakini kubwa lilikuwa zile ngazi. Msikiti una ngazi za saruji mbele, hazina pa kushika, naye aliogopa kuanguka pale mbele ya wanaume aliosimama nao bega kwa bega tangu ujana. Mimi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nimwone anatoka mlangoni kwetu na kanzu yake, anakwenda. Nililiomba hilo kila sala.

Mbwa tulimrithi. Nyuma ya nyumba tuna shamba la minazi na mihogo, na mlinzi wetu, Mbondei mmoja mcheshi, aliporudi kwao Muheza alimwacha mbwa wake wa rangi ya kahawia mwenye sikio lililokatika ncha. Hatukumpa jina. Mume wangu alimwita "Wewe" na mbwa akaitika, ikawa basi. Nguruwe wa porini walikuwa wanatumalizia mihogo, kwa hiyo kazi alikuwa nayo, na mbwa wa kazi dini inamruhusu. Ila alikuwa na mipaka yake. Hakanyagi barazani. Hali kwenye chombo chetu. Na akigusa kitu kwa mate yake, kitu hicho kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Pembeni ya bomba letu kulikuwa na ndoo ya udongo safi, na kuna wiki ndoo hiyo ilifanya kazi kuliko ndoo ya unga.

Sasa, jioni moja baada ya alasiri, mume wangu amekaa barazani, makubazi yake ameyavua ameyaweka chini ya ngazi. Mbwa akaja polepole, akaliokota la kushoto kwa meno, akaondoka nalo. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu anayetoka kazini.

"Wewe! We Wewe!" mume wangu akapiga kelele. Akainuka, akashika fimbo, akamfuata miguu mitupu. Mimi nilikuwa nakamua nazi jikoni. Nikatoka na chicha mikononi, nikamwona anapita uani, anapita migomba, anashika njia ya shambani huku anatukana. Nilitaka kukimbia nikamshike. Nikajizuia, na kujizuia si tabia yangu. Nikamfuata nyuma kimya kimya.

Mbwa alikwenda mpaka shamba letu linapoishia na mkonge unapoanza. Pale akaliweka kubazi chini, akakaa, akatikisa mkia. Mume wangu akafika anahema, akamwambia yote aliyokuwa nayo moyoni, na mengine nadhani hayakuwa ya mbwa. Kisha akageuka. Akaiona nyumba yetu ilivyokuwa mbali.

"Tumefika huku?" akaniuliza.

"Umefika," nikamwambia. "Mimi nimekufuata tu."

Akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu augue, na machozi yalinitoka pale pale, chicha mkononi.

Kubazi lile niliosha mara saba, na ile ya udongo nilisugua hasa. Ngozi ikapauka. Tangu siku hiyo jozi ile ikawa moja jeusi na moja limefifia kama lilianikwa msimu mzima. Nikamwambia tununue mengine, akasema haya bado yana miguu.

Kesho yake, saa zile zile, mbwa alikuwa amekaa mwisho wa uwanja anatazama baraza. Mume wangu akavaa makubazi, akasema, "Ngoja nimpeleke huyu kabla hajaiba kingine." Ndivyo tulivyoanza. Mbwa mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikijifanya natafuta kuni. Baadaye niliacha kujifanya.

Sikujua kama kutembea bila safari kunaweza kumpendeza mtu. Kwetu mtu akitembea anakwenda dukani, msibani au shambani. Sisi tulikuwa tunatembea tu. Tulipita katikati ya mkonge uliopandwa kwa mistari mpaka macho yanachoka, upepo ukigeuka unaleta ile harufu kali ya korona, ule mtambo wa kukamua nyuzi za mkonge. Tulipita kwenye mikorosho ya jirani, mbwa anafukuza kanga asiowapata. Watoto wakatuuliza, "Shikamoo babu, mbwa wako anauma?" naye akajibu, "Marahaba. Anauma wanaouliza." Njia ikiwa kavu na mbwa mkavu, tulikwenda karibu karibu, maana kikavu kwa kikavu hakina najisi. Mvua ikinyesha, kila mtu alishika upande wake.

Njia ile inazunguka na kutokea barabarani, penye mwarobaini mkubwa, na ng'ambo yake ndiyo msikiti. Mbwa akionekana pale watamrushia mawe, kwa hiyo mume wangu alimfundisha kukomea kwenye mti. "Wewe, hapa," na mbwa analala chini. Lakini na yeye mwenyewe alikomea hapo hapo. Anaegemea fimbo, anazitazama zile ngazi, anatazama viatu vya watu vilivyopangwa chini yake. Kisha anasema, "Haya, turudi." Siku ya kwanza nilifurahi amefika. Baada ya hapo, kila aliposema turudi, moyo wangu ulikuwa unashuka.

Katika siku hizo ndipo kina mama wa mjini na vijijini walipopanga msafara wa hisani. Wanakwenda Pangani kwa lori, wanarudi mjini kwa baiskeli, na kila mmoja anatafuta watu wa kumchangia, ili kituo chetu cha afya kijengewe chumba cha mazoezi ya viungo na wagonjwa kama mume wangu wasihangaike kwenda mjini. Nilijiandikisha kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo.

Baiskeli kwetu Tanga si habari. Nimeolewa naendesha baiskeli, watoto nimewabeba kwenye keria, baibui nimelibana kwa vibanio vya nguo lisiingie kwenye mnyororo. Lakini kwenda sokoni na kurudi si Pangani. Nikaanza mazoezi kila nikimaliza sala ya alfajiri, kwanza hadi Tongoni, halafu mbele zaidi, hadi Kigombe. Wiki ya kwanza nilikuwa nashuka nyumbani siwezi kukaa wala kusimama. Mbwa alikuwa ananisindikiza kwa mbio, akichoka ananisubiri kivulini mpaka nirudi. Na mume wangu, aliyekuwa hawezi hata kupanda baiskeli, akawa ndiye mwalimu wangu. Anakaa barazani na chai yake ya tangawizi ananipigia kelele nikitokea.

"Unakanyaga kama unatwanga kisamvu! Lainisha mguu!"

"Njoo ulainishe wewe!"

Nilikuwa na furaha, niseme wazi. Nilikuwa mwanamke mwenye magoti mabovu, mume mgonjwa na mbwa wa kurithi, na asubuhi zile nilikuwa naimba njiani peke yangu.

Halafu akaja wifi yangu kutoka Maramba.

Ni dada yake mkubwa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuja na gunia la machungwa, mkungu wa ndizi, na maoni yake. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri, macho yake yalikuwa yameshafika kwa mbwa.

"Wifi, hicho ni nini?"

"Mbwa wa shamba."

"Mbwa wa shamba ananiangalia mimi ninavyoingia? Mdogo wangu mgonjwa, ndiyo kwanza mnahitaji malaika wa rehema humu ndani, nyinyi mnafuga mbwa!"

Alikaa nasi wiki kadhaa na kila siku alikuwa na neno. Atampeleka kwa walinzi wa mkonge. Atamtafutia mtu. Akitoka uani alikuwa anakusanya khanga yake magotini kama anavuka mto. Mume wangu alimjibu mara moja tu, kwa upole, "Dada, huyu hajakukosea." Kwa dada yake yeye ni mtoto mpaka leo. Nami nilimwona anafikiri, na nikaogopa. Nilijua akishindwa kumkatalia, mbwa ataondoka, na mbwa akiondoka mume wangu atarudi kwenye kile kiti cha plastiki.

Wiki ile ya msafara, jioni moja tuliporudi kutoka kutembea, tulimkuta wifi amesimama bombani, mikono ya gauni ameikunja, jasho linamtiririka, uso unaonyesha ameridhika. Baiskeli yangu ilikuwa mbele yake inachuruzika maji.

"Kalamba usukani," akasema. "Mbwa wenu. Nimemwona kwa macho yangu haya, asubuhi, kabla hujaiingiza baiskeli ndani. Analamba jasho la mikono yako."

"Sasa umeuosha usukani?"

"Nimeosha yote. Nitajuaje ulimi umefika wapi? Mara saba, wifi, nimehesabu. Udongo wako uliisha kwenye ndoo, nikachukua mchanga wa uwanjani, nikauvuruga na maji nikaumimina kote. Sasa utakwenda kwenye jambo lako la kheri na chombo twahara."

Nikainua gurudumu la nyuma, nikazungusha pedali. Sauti iliyotoka ilikuwa ya jiwe la kusagia. Mchanga ulikuwa kwenye mnyororo, kwenye breki, kwenye golori, kote ambako mimi mwenyewe nilikuwa natia mafuta kwa unyoya wa kuku ili pasiingie hata vumbi. Aliisugua kwa moyo wote. Ningejua ni ubaya ningeumia kidogo. Lakini ule ulikuwa wema, na hasira haikuwa na pa kukaa, ikatoka yote.

Nilimwambia maneno. Siyarudii. Naye akanijibu, "Huyo mbwa akiondoka, haya yote yanakwisha."

"Akiondoka, mdogo wako hatembei tena!" nikasema. "Unamwona anatoka kila jioni, unadhani anakwenda kufanya nini?"

"Nilidhani mnatembeza mbwa."

"Mbwa ndiye anayemtembeza! Wewe unamwita najisi, na ndiye pekee aliyemfikisha karibu na msikiti. Sheikh kaja hapa hakuweza. Mimi nimelia hapa sikuweza."

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye fimbo yake, anatusikia sote wawili. Aliingia ndani, na usiku ule hakuna aliyekula vizuri.

Jioni ya pili yake tulipotoka, wifi alitufuata, mbali nyuma yetu. Nilimwona, nikajifanya sikumwona. Alisimama kwenye mikorosho akamtazama mdogo wake anavyofika kwenye mwarobaini, anavyomlaza mbwa, anavyozitazama ngazi. Akaona anavyosema turudi. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshatangulia, anachambua mchele, macho mekundu. Asubuhi akaikokota baiskeli mwenyewe mpaka kwa fundi, akakaa naye kwenye benchi siku nzima. Fundi aliyefungua kitovu cha gurudumu aliniuliza baadaye kama nilikuwa naendesha chini ya bahari. Golori mpya, grisi mpya, mnyororo umelowekwa kwenye mafuta ya taa. Ikarudi nzuri kuliko mwanzo. Lakini wifi hakusema kuwa amempenda mbwa, nami sikumwuliza.

Siku ya msafara niliondoka na giza. Mume wangu alitoka hadi barazani kunitazama nikifunga baibui.

"Ukifika kwenye mwarobaini piga kengele," akasema. "Nitasikia nikiwa hapa."

"Na wewe uwe na chai tayari."

Pangani tulianza jua likiwa changa, ukungu bado juu ya mto, kelele za kina mama zinaamsha mji. Nilikanyaga kwa mguu laini kama nilivyofundishwa. Barabara ilipita katikati ya minazi, upepo mzuri, kengele zinajibizana. Kigombe watoto walitoka kutupungia, na mwanamke mmoja akanitilia maji kwenye chupa akasema na baba yake ana kiharusi. Baada ya Kigombe jua likawa kali. Mapaja yakaanza kuwaka, wenye pumzi wakatuacha, nikabaki na kundi la katikati, na hapo nilikuwa na fahari kubwa, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea nafasi ya nyuma kabisa.

Tulipopita Tongoni adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kutoka. Nikajua nakaribia nyumbani. Nikaweka kidole kwenye kengele tayari kwa ajili ya mtu wangu wa barazani, na mwarobaini ukatokea, na chini yake alikuwa amesimama wifi yangu.

Alikuwa amekusanya khanga yake magotini. Mkononi ameshika kijiti, anawafukuza watoto waliotaka kurusha mawe. Hatua chache kutoka miguuni pake mbwa amelala, kichwa juu ya miguu ya mbele, anatazama ng'ambo ya barabara.

Nikafunga breki. Waliokuwa nyuma wakanipita wanapiga kelele, twende, twende.

"Wifi, kuna nini? Yuko wapi?"

"Usiniulize mimi," akasema, macho yake kwenye mlango wa msikiti. "Kanikatalia nisimshike mkono. Ngazi kapanda mwenyewe. Kaniambia nimlindie mbwa wake asipigwe mawe."

Nikageuka kutazama msikiti. Chini ya ngazi viatu vya watu vilikuwa vimepangwa, kandambili, raba, viatu vya ngozi. Mwishoni, pembeni ya fimbo iliyolazwa, kulikuwa na makubazi mawili, moja jeusi na moja limepauka.

Lori likapita, dereva akanipungia nipande. Nikamfanyia ishara aende. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mwarobaini, nikakaa chini upande wa pili wa mbwa, tukamsubiri.